Pikipiki ni ile ile, leseni siyo

Jumamosi moja saa nne asubuhi mpwa wangu alinipigia simu akiwa kando ya Barabara ya Outer Ring, karibu na Donholm. Sauti ilikuwa ya mtu aliyeonewa. "Mjomba, wananiambia sina leseni, na leseni ninayo hapa mkononi!" Nikamwambia ampe afisa simu. Afisa hakuwa na hasira wala haraka. "Mzee," akaniambia, "kijana ana PDL, hilo sikatai. Lakini pikipiki haina L mbele wala nyuma, na hapa amefunga kifurushi cha mteja, anakipeleka Embakasi. Ungekuwa mimi ungeandika nini?"

Sikupata jibu la haraka, maana wote wawili walikuwa wanasema kweli. Mpwa alikuwa na PDL, karatasi halali ya mwanagenzi kutoka NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, aliyoiomba kwa jina lake na kuilipia kwa pesa zake. Afisa naye alikuwa na kila sababu ya kumsimamisha. Kilichowagonganisha ni neno "leseni", ambalo mtaani tunalitumia kwa mambo matatu yasiyofanana hata kidogo. Kuna ruhusa ya kujifunza. Kuna ushahidi kwamba umefuzu. Halafu kuna ruhusa ya kufanya kazi fulani na pikipiki hiyo. Mpwa alikuwa na ya kwanza, na alikuwa anaendesha kama mwenye zote tatu.

Ana miaka 19, na hayuko peke yake. Kila wiki hapa Umoja naona kijana aliyenunuliwa pikipiki na mzazi, au aliyeichukua kwa mkopo wa kulipa kila siku, akianza kazi siku ile ile mashine inapotoka dukani. Ukimuuliza habari ya leseni anakujibu "iko njiani". Basi tuifuate hiyo njia.

Herufi A na matawi yake

Enzi za kile kijitabu chekundu kilichokunjwa mifukoni hadi kikachanika, pikipiki zilikuwa chini ya F na G. Ndiyo maana hata leo mzee wa steji atakuuliza, "Una FG?", na wasifu wa anayetafuta kazi ya udereva bado unaandikwa "BCE FG" kama jina la ukoo. Utaratibu wa sasa umezihamisha pikipiki zote chini ya herufi A, kisha herufi hiyo ikagawanywa mara tatu.

A1 ni ya vipikipiki vya injini isiyozidi cc 50, na umri wake wa chini ni miaka 16. Hii unaweza kuisahau. Vipikipiki vya aina hiyo ni adimu Nairobi, na isitoshe akaunti ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali unakoombea leseni, inaanza kwa nambari ya kitambulisho, na kitambulisho hupati kabla ya kufika miaka 18. A2 ni pikipiki ya kawaida, zaidi ya cc 50, kuanzia miaka 18. A3 ni ya kubeba abiria kwa malipo, kusafirisha vifurushi, na vyombo vya magurudumu matatu, yaani tuktuk.

Rudi uisome hiyo A3. A1 na A2 zinakuuliza una mashine ya ukubwa gani. A3 haijali ukubwa. Inakuuliza unaifanyia nini. Boxer ya cc 150 ukiiendesha kutoka Umoja kwenda chuo ni A2. Boxer hiyo hiyo, tangi lile lile, hata mkwaruzo wa ubavuni ule ule, ukimpakia mama anayetoka Soko la Burma na magunia yake akulipe shilingi mia, imekuwa A3. Kwenye chuma hakuna kilichobadilika.

Wapo wanaosema huu ni ujanja wa serikali wa kutafuta pesa. Mimi nilidhani hivyo pia, hadi siku nilipombeba mtu kwa mara ya kwanza. Boxer ina uzito wa kama kilo 120 hivi. Ukimpandisha nyuma mtu wa kilo 75 na mkoba wake, umeongeza zaidi ya nusu ya uzito wa mashine, na umeuweka juu na nyuma, mahali ambapo gurudumu la mbele linakuwa jepesi na usukani unaanza kuyumba kwenye mwendo wa polepole. Kona uliyoizoea inakataa. Breki uliyoizoea inachelewa. Halafu abiria ana akili zake: anageuka kumwangalia rafiki yake, anatoa simu, anainamia kushoto pale unapoinamia kulia. Anayeendesha peke yake na anayebeba watu wanafanya kazi mbili tofauti, na sioni ubaya kuzipa herufi mbili.

Wanaochanganyikiwa zaidi na A3 ni vijana wa kupeleka chakula na vifurushi. "Mimi sibebi watu," wanasema, "mimi nabeba pilau." Lakini A3 imetaja wasafirishaji wa vifurushi waziwazi, sambamba na boda. Kasha lile la mraba mgongoni linasomeka kutoka mbali kuliko leseni yako. Kwa hiyo kama lengo lako ni kazi, mwambie mkufunzi tangu siku ya kwanza kwamba unataka A3, wala usije kugundua baada ya mtihani. Kuongeza kundi baadaye ni kurudi kwenye mafunzo na mtihani.

Kuna wengine ninaowaonea huruma: watu wazima wenye leseni ya gari ya miaka kumi, wanaonunua pikipiki ili wakwepe foleni ya Jogoo Road, wakiamini kwamba aliyeweza kubwa hashindwi na dogo. Kundi B, lile la gari, halimfungulii mtu mlango wa A. Katika orodha ya makosa madogo ya trafiki ya mwaka 2016, kuendesha chombo ambacho kundi lake halimo kwenye leseni yako ni Sh3,000. Faini hiyo ndiyo sehemu nafuu. Bima ndiyo itakayokuuma, nasi tutaifikia.

Ruhusa ya kujifunza

PDL ni ile karatasi ya mwanagenzi. Unaingia eCitizen, unafungua huduma za NTSA, unachagua kundi, unalipa, unaichapisha. Ukikuta video ya zamani inayokuelekeza kwenye TIMS, mfumo wa zamani wa NTSA, ipite. Huduma zilihamia eCitizen mwaka 2023. Ada utaiona kwenye skrini kabla ya kulipa, na pesa zinakwenda kwa nambari ya malipo ya serikali, 222222. Mtu akikwambia utume kwa nambari yake ya simu "aharakishe", huyo ni dalali, na unachonunua ni hadithi.

Kupata PDL ni jambo la dakika chache, na hapo ndipo mtego ulipo. Mpwa aliiona imetoka kwa printa ya saiba, ina jina lake na nembo ya serikali, akaamini mambo yamekwisha. Karatasi hiyo inasema tu kwamba serikali inajua unajifunza. Inakutaka ufunge zile L nyekundu kwenye ubao mweupe, mbele na nyuma, ili dereva wa basi nyuma yako ajue kwamba ukizimikiwa na injini kwenye mataa si makusudi. Vijana wanazionea aibu L. Mimi naona ni kinga ya bei rahisi kuliko zote barabarani. Hata makanga wa Rongai hupunguza honi akiiona.

Shule ya udereva ndiyo inayokufunza na kukuandikisha kwa mtihani. Hapa nitasema kilichonipata bila kuitaja shule. Nililipa ada ya pikipiki kamili. Wanafunzi wa gari walikuwa wengi, pikipiki ilikuwa moja, tena kongwe, na kila somo langu lilianza kwa mkufunzi kuitafuta betri. Katika wiki tatu nilikaa juu ya kiti chake labda saa mbili kwa jumla. Muda uliobaki nilikuwa nimesimama kando ya ubao wa mji wa mfano nikirudia maneno kama kasuku. Kwa hiyo kabla ya kulipa, nenda siku ya masomo, si siku ya usajili. Tazama pikipiki ngapi zinazunguka uwanjani na wanafunzi wangapi wamekaa chini ya mti. Uliza anayefunza pikipiki ni nani, naye anaiendesha mwenyewe au anafunza kutoka kwenye kumbukumbu. Uliza pia kama shule ina leseni ya NTSA. Kanuni za shule za udereva za mwaka 2020 zinadai leseni kwa shule na kwa mkufunzi pia.

Ubao, alama, na zile koni

Mtihani una sehemu ya maneno na sehemu ya vitendo. Ya maneno huogopesha watu bure. Kuna alama za barabarani, na kuna mji wa mfano: ubao uliochorwa barabara, makutano, mzunguko na kivuko cha waenda kwa miguu, nawe unapewa kigari cha kuchezea ukisogeze huku ukieleza unachofanya. Ndiyo, hata mwanafunzi wa pikipiki anasukuma kigari. Unakaa kushoto isipokuwa unapopita chombo kingine au unapokata kulia. Unapoingia mzunguko unampa nafasi aliye kulia kwako. Ukimkuta afisa wa polisi anaongoza magari kwa mkono, unamfuata yeye hata taa ikisema vingine.

Hilo la mwisho nililichukulia kama jambo la kukariri tu. Kumbe ndilo jibu ninalolitumia karibu kila siku. Kwenye mizunguko ya Uhuru Highway, saa za msongamano, taa zinawaka nyekundu na kijani kwa uaminifu mkubwa huku afisa aliyesimama katikati akiita magari anavyoona yeye. Mgeni anayetii taa atapigiwa honi na jiji zima.

Vitendo ni vya polepole. Mimi nilifanyia Likoni Road, Industrial Area, na nilichoombwa kilikuwa kuanza bila kuzima injini, kupita kati ya koni, kuzunguka umbo la nane bila kuweka mguu chini, kuonyesha ishara za mikono na kusimama mahali palipowekwa mstari. Inasikika kama mchezo wa watoto. Jaribu umbo la nane kwa mwendo wa mtu anayetembea ndipo utajua pikipiki ni kiumbe gani. Kwenye mwendo mdogo mashine haijisimamishi yenyewe. Inasimamishwa na klachi. Siri iko kwenye ile sehemu ndogo ambapo klachi inaanza kung'ata, kidole kimoja kikiichezea, breki ya nyuma ikigusishwa kidogo, na macho yakitazama kule unakokwenda. Ukitazama koni, utaigonga koni. Huo si ushirikina. Mikono hufuata macho bila kukuomba ruhusa.

Ukipita, matokeo yanaingia kwenye mfumo, unapata leseni ya muda ya kuchapisha, kisha unaomba kadi yenyewe. Utapigwa picha na kutoa alama za vidole, na kadi utaichukua kwenye Huduma Centre uliyoichagua. Nairobi kuna GPO, Makadara, Eastleigh, Kibra na City Square. Fika mapema, beba kitambulisho halisi.

Kitu ambacho koni hazikuulizi

Sasa niseme ninachoamini, hata kama mtahini hatapenda. Mtihani unathibitisha kwamba unaweza kuitawala pikipiki mahali ambapo hakuna mtu mwingine. Nairobi hakuna mahali kama hapo.

Chukua breki. Uwanjani unasimama kutoka mwendo wa kilomita 20 kwa saa, na ukitumia ya nyuma peke yake hakuna atakayejua. Ndiyo maana vijana wengi huogopa breki ya mbele. Waliambiwa mtaani kwamba itawarusha juu ya usukani. Fikiria kinachotokea. Unapopunguza mwendo, uzito wote unasogea mbele. Gurudumu la mbele linakandamizwa kwenye lami, la nyuma linakuwa jepesi, na gurudumu jepesi likibanwa linateleza tu. Uwezo mkubwa wa kusimama uko mbele. Anayeitegemea ya nyuma peke yake anaweza kuhitaji karibu mara mbili ya umbali. Kinachorusha watu ni kuikaba breki ya mbele ghafla, kabla uzito haujafika. Ibane kama unavyokamua chungwa: kidogo, kisha zaidi, kisha zaidi. Fanya hivyo mara hamsini kwenye uwanja wa shule Jumapili jioni, na vidole vitakumbuka siku ambayo akili itakuwa imeganda.

Na itaganda. Kwa kilomita 50 kwa saa, ambayo ndiyo kikomo cha mjini, unakwenda karibu mita 14 kila sekunde. Pima hivi: matatu tatu za abiria 14 zimepangwa moja nyuma ya nyingine. Umbali wote huo unaupita kati ya kuona mlango wa matatu ukifunguka mbele yako na kidole chako kugusa breki. Kwa hiyo pale Jogoo Road, ukiona matatu imesimama na makanga amening'inia akipiga bodi, swali la kama itatoka bila ishara halipo. Itatoka. Swali ni uko wapi wakati huo.

Halafu kuna kona. Kwenye mwendo wa baiskeli unageuza usukani kwenda unakotaka. Kuanzia kama kilomita 30 kwenda juu, pikipiki haigeuki hivyo, inalala. Ili ilale kushoto, unausukuma mkono wa kushoto wa usukani mbele, taratibu, kama vile unataka kwenda kulia. Ubongo unakataa kuamini hadi ujaribu. Karibu kila mwendeshaji hufanya hivyo bila kujua, ndiyo maana anafika nyumbani. Ila siku ya hatari, lori likiwa limeingia upande wako kwenye kona za kuelekea Ngong, asiyejua anavuta badala ya kusukuma, na anakwenda moja kwa moja kule alikokuwa akitazama kwa hofu.

Mvua ni somo jingine. Zile dakika za mwanzo, hasa mvua ya kwanza ya Machi au ya Oktoba baada ya kiangazi, ni mbaya kuliko saa nzima ya mvua iliyokwisha kolea. Mafuta na vumbi la miezi mingi yanaelea juu ya maji kabla hayajaoshwa. Mistari myeupe ya kivuko inakuwa sabuni, vifuniko vya mitaro vya chuma vinakuwa sabuni zaidi. Ukiona boda wamejikusanya chini ya daraja la waenda kwa miguu Outer Ring mawingu yakianza kudondosha, usiwacheke. Wazee wao wanajua. (Ingawa kusimama njia nzima chini ya daraja, magari yakibanwa kwenye njia moja, hilo nalo ni balaa ambalo sitalitetea.)

Kofia ngumu haihitaji maelezo marefu, ila itaje. Sheria ya Trafiki inamtaka mwendeshaji avae kofia na koti lenye viakisi, na abiria naye apewe vyake. Abiria ni mmoja, na akae mguu mmoja upande huu na mwingine upande ule, si kuning'iniza miguu upande mmoja. Mapitio ya tafiti nyingi za pikipiki yalikadiria kwamba kofia hupunguza uwezekano wa kufa kwa karibu asilimia 42 na wa kuumia kichwa kwa karibu asilimia 69. Hesabu hizo ni za kofia iliyofungwa kidevuni. Ile inayokaa utosini kama kifuniko cha sufuria, kamba zikipepea, itatangulia kufika chini kabla yako.

Bima inauliza swali lile lile

Sheria inataka kila pikipiki barabarani iwe angalau na bima ya kumlipa mtu wa tatu, yaani yule utakayemuumiza. Unainunua kwa simu na unasonga. Lakini kwenye fomu kuna mstari unaouliza matumizi: binafsi, au biashara. Ya binafsi ni rahisi kulipia, na kijana anayeanza kazi anaona hakuna haja ya kujitwika gharama zaidi. Siku akimgonga mtu Kariobangi akiwa na mteja nyuma, kampuni itafungua faili na kusoma mambo mawili: ulisema unaitumiaje, na leseni yako ni ya kundi gani. Majibu yasipolingana na abiria aliyekuwa nyuma, una mzozo mikononi, na huenda deni la hospitali la mtu usiyemjua likabisha mlango wa mama yako.

Ndipo utaona kwamba A3 na bima vinashikana mkono. Vyote vinataka kujua kama una mteja.

Pikipiki ya mitumba ina fundo lake pia. Hakikisha umiliki umehamishwa kwenye mfumo hadi jina lako, na muuzaji ameanza shughuli hiyo kutoka akaunti yake kabla hujampa shilingi ya mwisho. Ukikopa, jina la mkopeshaji litakaa kwenye logibuku hadi umalize. Hayo ni ya kawaida.

Machi 2022, baada ya dereva mwanamke kushambuliwa na wahudumu wa boda kwenye Barabara ya Wangari Maathai, Rais Uhuru Kenyatta aliamuru msako na usajili mpya wa wahudumu. Nakumbuka steji ya kwetu ilivyokuwa tupu asubuhi iliyofuata. Hawakuwa wamemgusa mtu. Walikuwa wamejificha kwa sababu ya karatasi. Mmoja, ambaye alinibeba kwa miaka minne bila hata mkwaruzo, aliniuliza kwa sauti ya chini kama najua mahali pa kufanya mtihani.

Kuna na mahali ambapo hata A3 haikuingizi. Nairobi Expressway, kutoka Mlolongo hadi Westlands, kilomita 27 za lami laini, imefungwa kwa pikipiki na tuktuk. Katikati ya jiji nako boda wamepigwa marufuku na kaunti. Abiria anashushwa pembezoni na kumalizia kwa miguu. Askari wa kaunti hawana habari na umbo lako la nane.

Kuhusu siku ile ya Donholm: afisa alimwacha aende, kwa sharti kwamba kifurushi kishuke. Kikaachwa kwa mama wa kibanda cha matunda, na mimi ndiye niliyekifuata kwa matatu na kukifikisha Embakasi. Ndani kulikuwa na pazia. Mteja alilalamika kwamba nimechelewa.

Mpwa alirudi shule, akafunga L, akafanya A2, akafeli mara ya kwanza kwa kuweka mguu chini kwenye nane, akapita ya pili. A3 anasema ataiongeza akishajua anachofanya, na sikumsukuma. Jioni ya siku aliyopata leseni ya muda alikuja hadi kazini kwangu kunichukua, bure, kama mtu wa familia, na hilo A2 yake inaliruhusu. Alikuwa amevaa kofia mpya, kamba imefungwa vizuri kidevuni. Nikamuuliza, yangu iko wapi?

Akaangalia nyuma ya kiti kana kwamba ingekuwa imeota hapo. Nikampigapiga begani, nikavuka barabara kwenda kupanda matatu.